Setilaiti Haijui Jina la Mti

 

Siku chache zilizopita nilikuwa Bagamoyo, katika kata ya Dunda, pale ufukweni ambako mashua na ngalawa huvutwa juu kwa ajili ya matengenezo. Nilikuwa nimeketi kivulini na mzee mmoja, fundi wa vyombo, naye alikuwa akichonga taruma la mashua. Mara akaja kijana, mwanafunzi wa chuo, begi mgongoni na karatasi kubwa iliyokunjwa mkononi.

"Shikamoo babu."

"Marahaba, mjukuu wangu. Karibu mchangani."

Kijana akakunjua karatasi yake. Ilikuwa ramani ya pwani ya Bagamoyo iliyotengenezwa kwa picha za setilaiti. Ilikuwa nzuri kwa kweli: bahari buluu, mji rangi ya kijivu, mashamba ya chumvi meupe, na kando ya maji, utepe wa kijani kilichoiva. Alikuwa amekuja kuhakikisha kama ramani inasema kweli. Akaweka kidole juu ya ule utepe, akasema, "Hapa kote, babu, ni mikoko."

Mzee akaweka tezo chini. "Mikoko ipi?"

"Mikoko tu, babu. Miti ya maji chumvi."

Mzee akavuta karatasi. "Hapa mbele, panapopigwa na maji kila siku, ni mililana. Ndiyo hii ninayoichonga. Nyuma yake ndiyo mikoko yenyewe, ile yenye miguu. Ukiingia ndani utakuta misinzi na mikandaa. Huku juu, karibu na chumvi, ni michu. Na mahali penye matunda makubwa kama mpira, pale pana mikomafi. Wewe umepiga picha ya soko zima, ukaandika chini yake: watu."

Tulicheka sote watatu. Lakini kijana alitoa kalamu akaanza kuandika, na mzee akawa anamtajia jina moja moja na kazi ya kila mti: huu wa boriti, huu wa taruma, huu wa kuni, huu gome lake la kutia rangi. Walipomaliza, mzee akaniambia mimi, si kijana, kwa sauti ya chini: "Wanangu wawili wako Dar es Salaam. Ukiwaleta hapa leo, hawajui mchu wala mkandaa. Huyu mtoto wa watu ndiye wa kwanza kuniuliza."

Wasikilizaji, maneno hayo yamekaa moyoni mwangu wiki nzima, na ndiyo yaliyonifanya nichague mazungumzo ya leo. Nataka tuzungumze juu ya historia ya ramani ya mimea ya pwani yetu: nani alianza kuitengeneza, ilipotea vipi, ikarudi vipi, na kwa nini hata leo, tukiwa na macho yanayozunguka juu angani, bado tunamhitaji mzee yule wa Dunda.

Hebu turudi nyuma kidogo.

Kabla hajafika mgeni yeyote na daftari, mimea ya pwani ilikuwa na wenyewe waliokuwa wakiijua. Fundi wa jahazi aliijua kwa ubao wake, mganga kwa mizizi yake, na akina mama kwa kuni, mboga na manukato. Mfanyabiashara naye aliijua kwa faida. Sandarusi, ile gundi ngumu ya mti uitwao msandarusi, ilichimbwa ardhini katika pwani hii ikapelekwa Unguja, na kutoka Unguja ikasafirishwa mpaka Ulaya na Marekani kutengenezea vanishi. Baadaye ukaja mpira wa porini, utomvu wa mtambaazi mmoja ambao wataalamu waliupa jina la Landolphia kirkii. Hilo "kirkii" ni la John Kirk, balozi wa Uingereza huko Unguja, ambaye pamoja na siasa zake alikuwa pia mtaalamu wa mimea. Mtambaazi wenyewe ulikuwa na majina yake kabla ya Kirk, ila hayo hayakuandikwa katika vitabu vya London.

Mwezi Oktoba mwaka 1860, Speke na Grant walipitia Bagamoyo wakielekea bara kutafuta chanzo cha mto Nile. Speke alikuwa akitafuta ziwa. Grant, pamoja na mambo mengine, alikuwa akikusanya mimea njiani. Mimea hiyo ikapelekwa katika bustani ya Kew, London, na orodha yake ikachapishwa katika miaka ya 1870. Hivyo baadhi ya majani yaliyochumwa na msafara ule yakawa na makazi Ulaya miaka mingi kabla ya nchi hii kuwa na ramani ya aina yoyote.

Lakini mtu ninayetaka mumkumbuke leo ni mwingine. Mwaka 1868 mapadri wa Roho Mtakatifu walifungua misheni yao Bagamoyo, kaskazini kidogo ya mji. Mwaka 1879 akafika katika pwani hii padri mmoja kijana Mfaransa, jina lake Charles Sacleux. Alikaa huku, Unguja na Bagamoyo, hadi mwaka 1898. Watu wengi wanaojua jina lake wanamjua kwa kamusi yake kubwa ya Kiswahili na Kifaransa, iliyotoka katika majalada mawili, mwaka 1939 na 1941. Wasichokijua wengi ni kwamba padri huyu alikuwa pia mkusanyaji mkubwa wa mimea. Alichuma, akakausha, akapeleka Paris, katika jumba la makumbusho ya viumbe. Mwaka 1890 mtaalamu Mfaransa, Baillon, aliita jamii moja nzima ya mimea Sacleuxia, kwa heshima yake.

Sasa angalieni jambo moja. Sacleux hakuchuma jani tu; alichuma na neno. Katika kamusi yake, majina ya mimea ya Waswahili yamewekwa pamoja na majina ya kitaalamu. Nani alimwambia majina hayo? Si vitabu, kwa maana vitabu hivyo havikuwapo. Waliomwambia ni watu wa pwani hii: wavuvi, wakulima, akina mama, vijana wa misheni. Majina yao wenyewe hatunayo, lakini maneno yao yamebaki. Kwa maana hiyo, wataalamu wa kwanza wa mimea ya Bagamoyo walikuwa wenyeji.

Tena, kazi hiyo ilikuwa na upungufu ambao unatusumbua hadi leo. Kila mmea mkavu huwekwa na kipande cha karatasi kinachosema umechumwa wapi, lini na na nani. Vipande vingi vya zamani vinasema neno moja tu: "Bagamoyo". Je, ni Bagamoyo mjini, au ni mwendo wa siku mbili ndani? Ni ufukweni, au ni juu ya kilima? Anayetaka leo kuweka mmea huo kwenye ramani hana budi kukisia. Jumba la Paris limekwisha kupiga picha mamilioni ya mimea yake mikavu, na mtu yeyote anaweza kuitazama kutoka mbali. Lakini picha haiwezi kusema kile ambacho aliyechuma hakukiandika.

Tuendelee. Wajerumani walipotwaa nchi, Bagamoyo ilikuwa makao yao makuu mpaka mwaka 1891, serikali ilipohamia Dar es Salaam. Nao wakakusanya mimea kwa bidii, kwa sababu walitaka kujua nchi hii itawaletea mali gani. Mwaka 1895 mtaalamu wao mkuu, Adolf Engler wa Berlin, alitoa kitabu kikubwa juu ya mimea ya Afrika Mashariki. Mwaka 1902 wakafungua taasisi ya utafiti Amani, katika milima ya Usambara. Kila mmea mpya ulipoonekana, nakala yake ya kwanza, ile ambayo ndiyo shahidi wa jina lake, ilipelekwa Berlin.

Usiku wa kuamkia tarehe 2 Machi 1943, katika Vita Kuu ya Pili, mabomu yaliangukia jumba la mimea la Berlin. Sehemu kubwa ya mimea mikavu iliyokuwamo ikateketea, na ndani yake mashahidi wengi wa mimea ya nchi yetu. Fikirini: mti umesimama Pugu au Lindi, haujui lolote juu ya vita vya Ulaya, lakini cheti chake cha kuzaliwa kimeungua usiku mmoja huko Berlin. Ikabidi wataalamu watafute nakala katika majumba mengine, na pale zilipokosekana, warudi tena porini kuanza upya. Ndiyo hatari ya kuweka akili yote katika chungu kimoja.

Wakati huohuo, hapa nchini kulikuwa na mtu mwingine aliyekuwa akifanya kazi kwa miguu. Clement Gillman alikuwa mhandisi wa reli. Alikuja mwaka 1905, zama za Wajerumani, akabaki zama za Waingereza. Kupima njia ya reli ni kutembea, na Gillman alipotembea aliandika kila alichokiona: hapa pori la miyombo, hapa mbuga, hapa vichaka, hapa msitu. Alikufa mwaka 1946, na mwaka 1949 ramani yake ya uoto wa Tanganyika nzima ikachapishwa. Ni ramani iliyotokana kwa sehemu kubwa na nyayo za mtu mmoja. Wataalamu wa baadaye walipotaka kujua nchi ilikuwaje kabla ya mashamba na miji kutanuka, walirudi kuitazama.

Kisha ikaja kazi ya kitabu. Sehemu ya kwanza ya orodha kuu ya mimea ya Kenya, Uganda na Tanzania ilichapishwa mwaka 1952. Ya mwisho ilichapishwa mwaka 2012. Miaka 60, wasikilizaji! Walioanza wengi hawakuona mwisho. Ndani yake mna aina zaidi ya 12,000 za mimea ya porini. Ukifungua orodha hiyo utakutana na majina ya nyumbani: Millettia puguensis, yaani ya Pugu, Uvaria pandensis, yaani ya Pande, msitu mdogo ulio ukingoni mwa Dar es Salaam ukielekea Bagamoyo. Na kuna ua moja ambalo kila mwanamke wa pwani analijua kwa harufu yake. Mtaalamu Bernard Verdcourt alipolipatia jina la kitaalamu mwaka 1970, hakutafuta neno la Kilatini wala la Kigiriki kwa jamii yake. Alichukua neno la bibi zetu kama lilivyo: Mkilua.

Mwaka 1998 heshima hiyo ilipanuka. Mtaalamu G. P. Clarke alipendekeza kwamba misitu ya pwani, kutoka kusini ya Somalia kupitia Kenya na Tanzania hadi Msumbiji, ihesabiwe kuwa eneo lenye mimea yake ya pekee, akaliita eneo la Uswahilini, kwa jina letu. Miaka miwili baadaye yeye, pamoja na Kaj Vollesen na Leonard Mwasumbi wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, walitoa hesabu: aina zaidi ya 1,300 za mimea hazipatikani mahali pengine popote duniani isipokuwa katika ukanda huu. Nyingine zimo katika msitu mmoja au miwili tu. Msitu huo ukiwa shamba, aina hiyo imekwisha duniani, si Bagamoyo tu.

Hapo sasa ndipo inapoingia setilaiti.

Tarehe 23 Julai 1972 Marekani ilirusha chombo cha kwanza cha aina yake cha kupiga picha za ardhi, ambacho baadaye kiliitwa Landsat 1. Mwaka 1975 kikafunguliwa Nairobi kituo cha nchi za kanda hii cha upimaji na ramani. Kazi ya macho haya ya angani ni rahisi kueleza. Jani lenye afya hunyonya mwanga mwekundu wa jua na kurudisha kwa wingi mwanga mwingine ambao jicho la mwanadamu halioni, uitwao infraredi. Setilaiti inauona. Ikipima tofauti ya mianga hiyo miwili, inajua wapi pana majani mengi, wapi pana machache, na wapi pana mchanga mtupu.

Picha za kwanza zilikuwa na vidoto vya upana wa mita 80 hivi. Kuanzia miaka ya 1980 vikawa vya mita 30, yaani kila kidoto karibu robo ekari. Mwaka 2008 Marekani ilifungua hazina yake yote ya Landsat bila malipo, na tangu mwaka 2015 setilaiti za Ulaya zinatoa vidoto vya mita 10. Mwanafunzi wa Dunda aliye na kompyuta anaweza kutazama picha ya pwani yake ya miaka ya 1970 na ya mwezi uliopita, akaziweka pamoja. Jambo hilo Gillman hakuliota.

Lakini kidoto cha robo ekari hakina jina la mti. Ndani yake mnaweza kuwa na miti ya aina ishirini, setilaiti ikaona kijani kimoja. Shamba la zamani la mikorosho iliyoshikana matawi, au maembe yaliyozeeka, kwa mbali laweza kufanana na msitu. Wakati wa kiangazi miti mingi ya pwani hupukutisha majani, na msitu mzima ukaonekana kama kichaka kilichokufa. Na mawingu ya pwani mnayajua wenyewe. Ndiyo maana kila ramani ya setilaiti haina budi kufuatwa na mtu wa miguu. Mtu huyo huenda mahali palepale, akapima kiwanja kwa kamba, akahesabu miti, akapima unene wake usawa wa kifua, akachuma tawi lenye ua au tunda, akaliuliza jina.

Na je, mnajua hulikausha wapi tawi hilo? Katika magazeti! Tangu zamani wataalamu wa mimea hulaza majani katikati ya kurasa za magazeti, wakayabana kwa mbao na mikanda mpaka yakauke. Kwa hiyo wewe uliyenunua gazeti hili leo, usilitupe ovyo baada ya kusoma. Huenda lina kazi nyingine.

Sasa nitoe mifano mitatu ya kazi hii, ili tusibaki hewani.

Wa kwanza ni wa mikoko. Mwaka 1991 hayati Profesa Adelaida Semesi wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam alitayarisha mpango wa kutunza mikoko ya Tanzania Bara. Hesabu ya wakati huo, iliyotokana na picha zilizopigwa kwa ndege, ilikuwa hekta 115,500. Mwaka 2003 wataalamu wengine wakatoa hesabu ya picha za setilaiti: hekta 109,593 mnamo mwaka 1990, na 108,138 mwaka 2000. Mtu wa haraka atatoa 108,138 katika 115,500, kisha atapiga kelele kwamba zaidi ya hekta 7,000 zimeangamia. Si kweli. Picha ya ndege na picha ya setilaiti ni mizani miwili tofauti. Samaki aliyepimwa kwa mizani mbili hakukonda njiani. Ukitumia mizani moja, ya setilaiti, upungufu ni kama hekta 1,450 kwa miaka kumi. Hata hivyo, hesabu hiyo nayo haisemi yote. Mkataji boriti anapoingia akachukua mikandaa minene iliyonyooka na kuacha vijiti, kwa juu bado ni kijani. Setilaiti inasema mikoko ipo. Fundi wa Dunda anasema boriti hakuna. Wote wawili wanasema kweli.

Mfano wa pili unanilazimu nisafiri kusini, mpaka mkoa wa Lindi, kwa sababu huko macho ya angani na miguu ya ardhini yalikutana vizuri kuliko mahali pengine popote katika pwani yetu. Mwaka 2007 Erwin Prins na yule Clarke niliyemtaja walichapisha uchambuzi wa picha za Landsat za mkoa ule. Picha zilionyesha misitu ya pwani ambayo haikuwa katika orodha za wataalamu, na waliokwenda kwa miguu wakaithibitisha. Wanavijiji wa kule, bila shaka, hawakushangaa. Wao walikuwa wakiijua siku zote.

Katika misitu hiyo ya Kilwa kuna kisa cha mti mmoja, ndugu wa mwamba-ngoma, uitwao kitaalamu Erythrina schliebenii. Ulichumwa na Mjerumani Schlieben katika miaka ya 1930. Mwaka 1998 ulitangazwa kuwa umetoweka duniani. Mwaka 2001 ukaonekana tena, katika kipande cha msitu kisicho na ulinzi. Mwaka 2008 eneo hilo likafyekwa kwa ajili ya shamba la mimea ya mafuta. Watu wakaomboleza mara ya pili. Kisha mwaka 2011 wataalamu wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, walioingia porini kwa miguu, wakaupata tena, pamoja na mti mwingine mrefu, Karomia gigas, ambao nao ulidhaniwa umekwisha. Miti iliyokomaa ya Erythrina ile ilikuwa chini ya hamsini. Mti mmoja umezikwa mara mbili na kufufuka mara mbili! Na aliyeufufua si chombo cha angani, bali ni mtu aliyejua majani yake anapoyaona.

Mfano wa tatu unatuhusu sisi wa mjini, na hapa naomba tusikilizane vizuri.

Mwaka 2010 kundi la wataalamu, likiongozwa na Antje Ahrends, lilichapisha utafiti wa misitu inayoizunguka Dar es Salaam. Walilinganisha hali ya mwaka 1991 na ya mwaka 2005, kwa kutembea msituni na kuhesabu visiki na matanuri ya mkaa. Waliona kitu kama mawimbi yanayotoka mjini. Wimbi la kwanza, lililo mbali zaidi, ni la mbao za thamani. Nyuma yake linafuata la mbao za kawaida. La mwisho, karibu na mji, ni la mkaa, ambalo halibakizi kitu. Mwaka 1991 eneo la wachoma mkaa lilikuwa limefika takriban kilomita 20 kutoka mjini. Mwaka 2005 lilikuwa limefika kilomita 50. Wimbi la mbao za kawaida lilisogea kilomita 120 katika miaka 14 hiyo, yaani kama kilomita 9 kila mwaka.

Bagamoyo iko umbali gani kutoka Dar es Salaam? Kwa barabara ni kama kilomita 65 hivi. Pimeni wenyewe.

Jambo hilo halikuonekana kwanza kwa setilaiti, kwa sababu mvule au mpingo mmoja ukitolewa katikati ya msitu, tundu huzibwa na majani ya jirani. Kwa juu mambo ni shwari. Ni mtu wa miguu aliyekuta kisiki.

Sisemi haya kuwalaumu wachoma mkaa. Mkaa haujiotei barabarani. Unachomwa kwa sababu mimi na wewe tunaununua, jioni baada ya jioni, kwa debe na kwa gunia. Wala sisemi hakuna kilichofanyika. Msitu wa Zaraninge, ng'ambo ya mto Wami, umeingizwa katika Hifadhi ya Taifa ya Saadani iliyotangazwa mwaka 2005. Pande ni pori la akiba tangu mwaka 1990. Uchambuzi mmoja wa picha za setilaiti, uliochapishwa mwaka 2012, ulionyesha kwamba misitu ya pwani ya Tanzania ilikuwa ikipungua kwa asilimia 1 kila mwaka katika miaka ya 1990, na asilimia 0.4 kati ya 2000 na 2007. Ni nafuu, nakubali. Lakini mgonjwa anayekufa polepole bado anakufa.

Kwa hiyo nimalizie pale nilipoanzia.

Tangu Grant mwaka 1860 hadi setilaiti za leo, vifaa vimebadilika. Kitu kimoja hakikubadilika: kila ramani ya mimea imejengwa juu ya mtu aliyeweza kusimama mbele ya mti akasema, "Huu ni fulani." Bila huyo, Sacleux asingekuwa na kamusi, na yule mwanafunzi wa Dunda angebaki na utepe wa kijani. Mwaka 2019 wataalamu walitumia maelfu kwa maelfu ya kumbukumbu za mimea mikavu kukadiria hali ya aina 22,036 za mimea ya Afrika ya joto. Walikuta karibu theluthi moja huenda iko hatarini kutoweka. Hakuna aliyefanya hesabu kama hiyo kwa watu wanaoyajua majina yake. Nami nahofia hao wanatoweka upesi zaidi kuliko miti.

Tufanye nini basi? Naona mambo matatu, na hakuna hata moja linalongoja wafadhili.

La kwanza, wanafunzi wetu wanaofundishwa kusoma picha za angani wafundishwe pia kuchuma na kukausha mmea, na kuandika mahali ulipotoka kwa ukamilifu, wasiandike "Bagamoyo" tu kama alivyoandika mgeni wa karne iliyopita ile. La pili, jina la mwenyeji aliyetaja mti liandikwe kwenye karatasi ya mmea huo, pamoja na la aliyeuchuma. Miaka mia na zaidi wazee wetu wamekuwa mashahidi wasio na majina, imetosha. La tatu ni letu sisi tulio mijini. Tukienda nyumbani kwa wazazi, Dunda au kwingineko, tusitazame saa tu. Tuwaulize: huu mti gani, na wa nini? Swali hilo halina gharama, na jibu lake halipatikani angani.

Nilipoondoka ufukweni siku ile jua lilikuwa likizama, na kijana alikuwa bado ameinama juu ya karatasi yake. Ule utepe wa kijani ulikuwa umejaa maandishi ya kalamu: mlilana, mkoko, msinzi, mkandaa, mchu, mkomafi. Ilikuwa imechafuka, haifai tena kuonyeshwa kwa mwalimu. Lakini kwa macho yangu, ndiyo kwanza ilikuwa imeanza kuwa ramani.